Jino la Siku Moja

Kizwite, Sumbawanga. Ijumaa ya Julai, jioni.

Leo kumekucha na ule upepo wa kipupwe unaopita kwenye matundu ya sweta. Nilipofungua mdomo kupiga mswaki, hewa ikagusa jino langu bovu, nikasimama pale uani nimeshika bomba la maji kwa mikono miwili kama mtu anayesali.

Sasa ni saa kumi na mbili na nusu. Nusu ya mdomo wangu imelala, haisikii chai wala chumvi. Nina njaa, nimechoka, na nimekasirikia watu wengi kiasi kwamba nimeona niandike ili nijue nianze na nani.

Nianze na mimi mwenyewe.

Jino ni gego la chini upande wa kulia. Lilivunjika wiki sita zilizopita kwa kokoto iliyokuwa kwenye maharage. Ningependa sana kumlaumu aliyeniuzia, lakini maharage yale nilichambua mwenyewe, sinia mapajani, macho kwenye simu. Nilisikia "ka," nikajua hapo hapo. Kipande cha jino nilikitema pamoja na kokoto, na kwa dakika nzima sikuweza kutofautisha kipi ni kipi.

Tangu siku hiyo nimekuwa natafuna upande mmoja. Nafundisha Kiswahili sekondari, kwa hiyo kazi yangu ni mdomo, na wanafunzi wa kidato cha pili waligundua kabla ya walimu wenzangu kwamba naongea nimeinamisha shingo.

Halafu ushauri ukaanza. Mwalimu wa jiografia aliniambia niume karafuu. Jirani yangu wa upande wa chini akasema maji ya moto na chumvi, asubuhi na jioni, na nisichanganye na karafuu. Mzee mmoja wa jumuiya yetu alinishauri nibane tumbaku shavuni, akataka kunionyesha. Kila mmoja alikuwa na dawa yake na uhakika wake, na wote walimalizia na maneno yale yale: likizidi, ling'oe.

Hakuna hata mmoja aliyesema litengeneze.

Mimi sikutaka kung'oa. Nina miaka arobaini na moja, nina meno yangu yote, na hilo ni jambo ambalo najivunia kimya kimya, kama mtu mwenye shamba lisilo na mgogoro. Ndiyo maana nilipoona kile kibao kipya karibu na soko, juu ya ngazi za jengo lenye duka la mbolea chini, nilisimama nikakisoma mara mbili. Siku hizi mjini kila ngazi ina kibao chake, shule binafsi, kanisa, wakala wa pesa, lakini hiki kiliandikwa: KOFIA YA JINO, SIKU MOJA TU.

Kofia nilijua ni gamba linalovikwa jino lililovunjika; nilipanda kuuliza siku moja maana yake nini. Dada wa mapokezi, Neema, akanijibu bila kuinua macho kwenye daftari lake: "Unaingia asubuhi, mchana unatafuna nyama."

Nikaamini. Huo ndio ukweli, niliamini kama mtoto.

Sababu ya kuchagua leo ni kesho. Kesho mdogo wangu Leticia anaweka nadhiri za daima. Amekuwa utawani tangu alipomaliza shule, na kesho ndiyo siku yenyewe, mbele ya askofu na ukoo mzima. Mimi nilichaguliwa kusoma somo la kwanza. Nimelifanyia mazoezi wiki mbili, jikoni, bafuni, ofisini baada ya vipindi. Leo saa tisa alasiri yalikuwa mazoezi ya wasomaji kule utawani, na Sista Godeliva anayesimamia liturujia alishatuambia mapema, kwa sauti yake ya upole inayotisha, kwamba asiyekuja mazoezini hasomi.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: kliniki saa mbili asubuhi, saa sita nimemaliza, saa tisa niko utawani na jino zima. Niliona hesabu imekaa vizuri.

Sikumweka mama kwenye hesabu.

Mama alifika Jumatano kutoka Msanzi kwa ajili ya sherehe, na mfuko wa unga wa ulezi, na kuku aliyefungwa miguu, na begi dogo lenye kitenge kipya cha kesho. Baba alifariki miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo mama amezidi kuwa mtu wa maneno machache. Hata zamani hakuwa msemaji. Ukimuuliza mama anataka nini, hakuambii anachotaka. Anakuambia kitakachomaliza mazungumzo.

Nilipomweleza habari ya kofia ya jino alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Jino la nyuma. Nani analiona?"

Alilisema hilo Jumatano usiku tukila. Alilisema jana asubuhi, jana mchana, na jana jioni alimwambia kuku. Leo alfajiri nikamkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, amevaa viatu, amejifunga kitenge, mkoba mapajani.

"Unakwenda wapi mama?"

"Nakusindikiza."

Nikamwambia hakuna haja, kuna baridi, kuna kusubiri, apumzike kwa ajili ya kesho.

"Nimeshavaa viatu," akasema.

Tukaenda.

Tulifika saa mbili kamili, mlango ukiwa umefungwa. Neema alikuja saa tatu kasoro na funguo mkononi na andazi kwenye gazeti, akatupa pole kana kwamba sisi ndio tuliochelewa. Daktari alikuwa nyuma yake. Anaitwa Masanja, kijana mrefu, mwembamba, ambaye ukikutana naye njiani utadhani ni mwanafunzi wa chuo. Alimwinamia mama, "Shikamoo mama," na mama akaitikia marahaba huku akimpima kutoka viatuni hadi kichwani. Kisha akamuuliza ni mtoto wa nani na wa wapi.

Ikabainika kwamba wazazi wake ni Wasukuma, waliohamia kule bondeni na ng'ombe wao yeye akiwa mchanga. Alisoma shule za huku huku, akaenda Dar es Salaam, akarudi na mashine yake.

Mama akafikiri. "Kuna mwaka ng'ombe wenu walinilia mahindi."

"Nisamehe mama," daktari akasema, taratibu kabisa. "Mwaka huo mimi sikuwa nachunga. Nilikuwa nanyonya."

Mama akavuta ncha ya kitenge akaziba mdomo. Ndivyo anavyocheka, tangu nimjue. Hapo nilipaswa kufurahi kwamba siku imeanza vizuri, lakini nilikuwa natazama saa.

Nilikaa kwenye kiti. Sindano ya ganzi, shavu likavimba kwa ndani, likapotea. Daktari akalisaga jino langu pande zote mpaka kikabaki kisiki. Kelele ile huisikii kwa masikio, unaisikia kwa fuvu, na kuna harufu kama ya kwato inayoungua ambayo sikuitegemea kutoka kinywani mwangu mwenyewe. Kisha akapitisha kijiti chenye kamera, na jino langu likatokea kwenye kompyuta, kubwa, la kijivu, limepasuka kama mwamba. Akachora jino jipya juu yake palepale kwenye kioo cha kompyuta, akiongeza hapa na kupunguza pale.

Nakiri kwamba nilivutiwa. Alichukua kipande cheupe cha kauri, ukubwa wa donge la sukari, akakipachika ndani ya mashine yenye kidirisha, na vijiti viwili vidogo vikaanza kukichonga huku maji yakirushwa. Nilisimama pale na pamba mdomoni nikitazama jino langu likitoka kwenye jiwe. Mama naye alikuja akasimama kando yangu. Hakuondoka.

Ilikuwa saa tano na dakika chache. Umeme ukakatika.

Vijiti vikasimama. Jino lilikuwa limechongwa nusu, nusu nyingine bado donge la sukari.

Kulikuwa na jenereta, na jenereta ikawashwa, taa zikarudi, kiti kikarudi, redio ya Neema ikarudi. Mashine haikurudi. Daktari alinieleza kwamba mashine ile haiwezi kulishwa umeme wa jenereta ndogo, itaharibika, na kwamba kipande kilichoishia katikati hakifai tena. Itabidi kuanza upya na kipande kingine umeme ukirudi.

"Utarudi saa ngapi?"

"Mwalimu," akasema, "hilo hata mimi nauliza."

Lakini alinipa njia ya kutoka, nisimsingizie. Alisema anaweza kunifunika kisiki kwa kifuniko cha muda, niende zangu, nirudi Jumatatu. Mtu mwenye akili angekubali. Mimi nikasema, na mdomo uliopinda, kwamba kibao kinasema siku moja. Nilimwambia nitasubiri. Nilikuwa na muda wa saa nne mpaka mazoezi, na nilikuwa na hasira, na hasira yangu huwa inapenda kukaa kwenye benchi na kuonekana.

Kwa hiyo akaniwekea dawa laini juu ya kisiki, na mimi na mama tukakaa kwenye benchi.

Saa sita. Saa saba. Ganzi ikaanza kuisha na dawa ile laini ikawa haitoshi. Kila nikivuta pumzi, baridi inaingia. Nikajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Mama naye, pembeni yangu, alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, kichwa amekiegemeza kwenye kiganja. Neema akatuuliza kama tunasali rozari.

Nilimwagizia mama chai na chapati kwa mama lishe wa chini, kwa kuwa angalau mmoja wetu aliweza kula. Alikata kipande kidogo, akakichovya kwenye chai, akakiacha humo mpaka kikalegea kabisa, akakimeza bila kutafuna. Kisha kingine hivyo hivyo. Nilikuwa na njaa na maumivu na sikuwa na uvumilivu wowote uliobaki. Nikamwambia, "Mama, unakula kama mtoto mdogo. Utachafua kitenge."

Alifuta kidole, akasema ameshiba. Chapati ilikuwa imebaki zaidi ya nusu.

Naandika hili ili libaki limeandikwa.

Saa nane na nusu ikafika, umeme bado. Hapo nikashindwa. Niliamua nimwambie daktari aweke hicho kifuniko cha muda, niwahi utawani, mengine Jumatatu. Kwanza nikaenda msalani. Sikukaa huko hata dakika tano. Niliporudi, benchi lilikuwa tupu, mkoba wa mama uko juu yake peke yake.

"Bibi yuko ndani," Neema akasema. "Kafungua faili."

Nikaingia. Mama alikuwa amelala kwenye kiti kile kile nilicholalia mimi, miguu imenyooka, viatu vimepangwa chini vizuri, taa usoni, mdomo wazi. Daktari Masanja amemwinamia na kioo chake kidogo.

Mama aliponiona akafunga mdomo, kwa uso wa mtu aliyekamatwa kwenye shamba la mwenzake. Kisha akageuza kibao. Alinilalamikia kana kwamba daktari ni kibarua niliyemleta mimi: "Huyu kijana gani wa meno hajui kung'oa?"

Nikamtazama daktari.

"Anataka nimng'oe gego la kushoto," akasema. "Amesema nifanye haraka kabla hujatoka chooni. Nimemwambia siwezi kung'oa jino linaloweza kuokolewa. Lina tundu kubwa, lakini tundu halijafika ndani. Linazibika. Na kuziba hakuhitaji ile mashine, jenereta inatosha."

"Sikuja kuzibwa," mama akasema. "Nimekuja kung'olewa."

Nimekuja. Nilidhani alikuja kunisindikiza.

Daktari akamuuliza, kwa sauti ya chini, linauma tangu lini. Mama akatazama dari. Akauliza tena. Mama akasema tangu kabla ya mavuno.

Mavuno yalianza Mei.

"Mama," nikasema, "miezi miwili?"

"Kulikuwa na mahindi ya kuvuna."

Sikujizuia. Nilipandisha sauti mbele ya daktari, mbele ya Neema aliyesogea mlangoni. Nilimuuliza kwa nini hakusema, kwa nini siku tatu nyumbani kwangu ananiuliza nani analiona jino la nyuma wakati yeye la kwake linamnyima usingizi, kwa nini amekubali nimseme kuhusu chapati. Nilikuwa nauliza kwa ukali uleule ninaoutumia kwa wanafunzi wanaonakili, na nilijua hivyo, na nikaendelea.

Mama akasubiri nimalize. "Na wewe ulisema?" akaniuliza.

Sikusema. Habari za jino langu alizipata kwa Leticia, kwenye simu, kabla Leticia hajaingia mafungo. Wiki tano nilikuwa nampigia mama kila Jumapili na kumwambia sisi hatujambo.

Kisha akamgeukia daktari na kumweleza, si kwa kulalamika, kama mtu anayetaja mazao ya misimu iliyopita. Ameng'oa saba. Yote kwenye zahanati, moja moja, miaka tofauti. Alikuwa anaondoka nyumbani alfajiri kwa miguu, anang'olewa, anatafuna pamba njiani, na jua likiwa kichwani yuko shambani ameshika jembe. "Siku moja tu," akasema. "Kama mlivyoandika pale nje."

Daktari hakucheka. Mimi nilitazama ile taa.

Saba. Nimekaa na mwanamke huyu utoto wangu wote, nimekula kwa mikono yake, na nilikuwa nadhani anaziba mdomo akicheka kwa sababu ya adabu.

"Kwa nini leo, mama?" daktari akamuuliza. "Kwa nini si wiki ijayo?"

Hapo mama akaona haya kidogo. Akasema kesho ni siku ya binti yake. Mama wa mtoto ndiye anayeanza vigelegele, wengine wanafuata. "Jino linanipigia kelele namna hii, mimi nitapigaje vigelegele?"

Nadhani kijana yule ana mama mwenye tabia hizohizo, maana hakubishana naye habari za afya. Alimwambia jambo moja tu: "Nikiling'oa leo, kesho shavu litavimba. Picha za sherehe zote utakuwa umevimba upande. Nikiliziba, hakuna atakayejua."

Mama akafikiria picha.

"Ziba," akasema.

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Bado ningeweza kuchukua bodaboda, kisiki na yote, nikafika mazoezini nimechelewa kidogo. Nilifikia hata kuchukua mkoba wangu. Kisha daktari akainua sindano, na mkono wa mama ukatoka chini ya kitenge ukitafuta kitu cha kushika. Hakunitazama. Mkono tu, umefunguka hewani.

Nikaushika.

Saa tisa na robo simu ikatetemeka. Sista Godeliva. Nilipokea kwa mkono wa kushoto, nikamweleza kwa kifupi niko wapi na nani. Alinipa pole, ya kweli, na akasema atamwombea mama. Halafu kwa sauti ile ile ya upole akasema somo la kwanza atampa Yustina.

Yustina ni binamu yangu, na anasoma kama anafukuza kuku kwenye unga. Wiki mbili nimelifanyia kazi somo lile. Nilijua mahali pa kupumua, mahali pa kushusha sauti. Nilisema, "Sawa, Sista," nikaweka simu mfukoni, na nilitaka kulia kwa hasira, na sikuweza hata kuondoka chumbani kwa sababu mama alikuwa ameubana mkono wangu mpaka pete inaniingia kwenye kidole.

Alizibwa kwa dakika arobaini. Alipokuwa anasukutua mdomo kwenye lile beseni dogo, sauti ikapanda kutoka sokoni, ule mlio wa watu wote kwa pamoja, na mashine ikawasha taa yake ya kijani.

Umeme ulirudi wakati kukatika kwake kumeshanipotezea kila kitu.

Yaliyobaki yalikwenda kama kibao kilivyosema. Sindano nyingine kwangu. Kipande kipya cha kauri, vijiti vikakichonga mpaka mwisho, kikaingia kwenye tanuri dogo, kikatoka kinang'aa. Akakijaribisha, nikauma karatasi ya bluu, kimo kimezidi. Akakwangua. Nikauma. Bado. Nikauma mara nane au tisa, mpaka taya ikachoka, mpaka niliposikia meno ya juu na ya chini yanakutana kama yalivyokuwa yakikutana kabla ya kokoto. Akagundisha kwa gundi, akamulika kwa taa, basi.

Saa kumi na moja kasoro nilikuwa na jino.

Mama alitaka kuliona. Daktari akamwashia taa, mama akavaa miwani yake, akachungulia ndani ya kinywa changu kama anavyochungulia kihenge. Akachukua muda.

"Mbona linafanana na mengine?"

"Ndiyo kazi yenyewe, mama," daktari akasema.

"Tumeshinda hapa kutwa kwa kitu kisichoonekana," mama akasema, na akavaa viatu.

Njiani sikuzungumza. Ningeweza kusingizia ganzi. Ukweli nilikuwa nanuna, kama mtoto, mwanamke mzima mwenye kofia mpya ya jino. Nilikuwa namkasirikia Sista Godeliva kwa sheria zake, Neema kwa nyama yake ya mchana, umeme, daktari kwa kuwa mpole kiasi kwamba mtu hawezi kumkasirikia, na zaidi ya wote mama. Kama angesema Jumatano, ningempeleka jana. Kama angesema asubuhi, angezibwa saa nne wakati mimi nachongewa. Mambo yote yalikuwa na nafasi yake endapo angefungua mdomo.

Tulipofika nyumbani akavua kitenge cha kutokea, akasonga ugali. Wa ulezi, laini kuliko kawaida, kwa ajili yetu wawili. Nilikaa mlangoni pa jiko nikamwambia kwamba kesho sisomi. Nilimwambia kwa namna ya kutaka aumie kidogo. Nilisema, Sista amempa Yustina, kwa sababu sikufika.

Aligeuza ugali. Akaugeuza tena, ingawa ulikuwa umeiva.

"Sikutaka usome," akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri.

Akaepua sufuria, akaifunika, akakaa kwenye kigoda. Mama yangu akikaa ili aseme jambo, ujue jambo lenyewe limekaa naye muda mrefu. Alisema barua ya mwaliko ilipofika, katekista alimsomea utaratibu wote. Wasomaji wanakaa mbele, upande wa masista. Wazazi wanakaa nyuma na mtoto wao, na wakati ukifika wanasimama wawili, baba na mama, wanampeleka mtoto mpaka altareni. Kanisa zima linatazama. Njia ni ndefu.

"Wenzake watakaoweka nadhiri naye wote wana baba," akasema. "Mimi nilikuwa najiuliza nitampeleka na nani."

Tangu barua ilipofika. Hiyo ni Machi.

"Ungeniambia, mama. Ungesema tu, ningemwambia Sista siku ile ile."

"Ulikuwa unafurahi sana kusoma," akasema. "Nilikusikia bafuni."

Upande mmoja wa uso wangu haukuwa na hisia, na upande mwingine ulikuwa unatetemeka, na sidhani nilikuwa kitu cha kupendeza kutazama. Nikamwambia tutampeleka sote wawili, mimi na yeye, mmoja kila upande. Akasema sawa. Akasema pia nisivae viatu vya visigino, sakafu ya kanisa lile inateleza.

Kisha tukala. Yeye alitafuna upande wa kushoto, kwa uangalifu, akisikiliza. Mimi sikuruhusiwa kutafuna upande wangu mpaka ganzi iishe. Kwa hiyo yule ambaye hakuwa na miadi ndiye aliyekula vizuri.

Sasa amekaa sebuleni anapiga pasi kitenge cha kesho, na kila baada ya muda anapitisha ulimi kwenye lile jino, naona shavu linavyosogea. Bado nina hasira kidogo, nisidanganye. Nina hasira kwa somo langu, na itaniuma kesho Yustina akikimbia pale pa kupumua. Nina hasira na hayo meno saba ambayo hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza, mwalimu mzima anayelipwa kwa kuuliza maswali.

Asubuhi, kabla hatujatoka, nitamuuliza mama kama kuna kitu kingine hajasema.

Atasema hakuna. Nitamuuliza tena.